Daftari la Mhazini

Bumu limechelewa wiki ya tatu,
na mimi nimesimama na daftari la jalada jekundu
mlangoni mwa chumba namba kumi na nne,
nadai jero jero kama mgambo wa soko.
Ndahani anatoa sarafu mbili; nyingine, anasema,
ataleta akimaliza kumnyoa mtu wa ghorofa ya pili.
Sekunda ameacha kula cha mchana.
Hasemi, ila sahani yake naiona, imekauka kabatini.
Nje upepo wa Dodoma unapitisha vumbi chini ya mlango,
unaliandika sakafuni, unalifuta,
unaandika tena.

Fedha zikitimia tunakwenda stendi alfajiri,
tunamkabidhi kondakta wa basi la Kibaya:
bahasha, taulo za kike pakiti sita,
taa ya sola iliyoviringwa kwenye khanga ya Sekunda
isije ikavunjika kule mbele ya Kongwa,
barabara inapoanza kutafuna magurudumu.
Kondakta anaandika namba ya simu kiganjani.
Basi linaondoka. Sisi tunarudi kwa miguu
kwenye mtihani wa takwimu.

Mwaka na nusu, hivyo ndivyo tulivyomjua Sinyati:
jina kwenye mstari wa kwanza,
sare, ream ya karatasi, kaunta buku mbili,
na alama ya vema kwa kalamu ya kijani.
Kicheko chake hatukijui.
Hatujui kama ni mrefu.
Ila vikaoni tulisema "binti yetu"
kama watu waliowahi kumbeba mgongoni.

Jana barua yake imefika, inanuka moshi na maziwa.

"Vitu nimepata. Taa inawaka.
Likizo hii mdogo wangu anaichukua kutafutia ndama,
msikasirike, anairudisha mapema nisome.
Baba hajui kusoma. Lakini ng'ombe wake
anawajua mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe,
kwa mama wa mama yao.
Nilipomwambia mnaitwa Kikundi alicheka.
Kikundi hakina mama, akasema.
Nani katoa nini? Hulishukuru zizi zima
bila kumjua aliyetoa maziwa.
Yeye aliuza beberu mwenye baka, nikapata tranka.
Anataka mjue hilo. Naye yumo.
Basi niandikieni majina.
Na nyinyi, mna dada?
Wako kidato cha ngapi?"

Chumba kizima kimya.
Ndahani akajifanya anatafuta kiatu.

Mimi ninaye. Anaitwa Mbeleje.
Yuko Bahi, karibu kuliko Kibaya,
karibu kiasi kwamba sijawahi kumhesabu.
Mwaka ule uwele uliponyauka shambani
nyumbani ilibaki ada ya mtu mmoja,
na mtu mmoja nikawa mimi.
Alinifungia karanga kwenye kitambaa,
akanisindikiza mpaka relini.
Hakulia. Nami sikuuliza.

Nimempigia. Simu imeita mpaka karibu kukata.
"Nani kafa?" ndilo neno lake la kwanza.
Hajafa mtu, dada, nikasema, nilitaka tu…
na salio likaisha,
kama kawaida yake, kwenye neno lenye kazi.

Nimefungua ukurasa mpya.
Majina, kama mzee alivyotaka.
Ndahani: vichwa vitatu alivyonyoa.
Sekunda: chakula cha mchana, siku kumi na moja.
Baba Sinyati: beberu, mwenye baka.
Halafu juu kabisa, pale juu ya mstari wa kwanza
ambapo mhazini haruhusiwi kuandika,
nimepenyeza kwa herufi ndogo:
Mbeleje. Kidato cha pili, chote. Na vilivyofuata.

Kalamu ya kijani ninayo mkononi.
Vema sijaweka.